Chumba Kisichorudisha Sauti

Mwalimu wa kwaya hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja, kisha akainamisha kichwa kusikiliza. Baada ya hapo ndipo alipokusalimu. Kofi lile lilikuwa la kukagua nyumba. Kama sauti ilikatika pale pale, alikaa akanywa chai. Kama ilirudi kutoka ukutani, alikunja uso kama mtu aliyepewa maziwa yaliyoharibika, na chai yako akainywa akiwa amesimama.

Alifanya hivyo hata kwenye matanga. Mama yangu alipofariki, tulikuwa tumetoa makochi na mapazia ili waombolezaji wapate nafasi. Mwalimu aliingia, akapiga kofi, akaniambia kabla hata ya kunipa pole, "Baba Kendi, mmetoa kila kitu. Hiki chumba sasa kinalia kama debe. Tutaimba nje."

Wajomba zangu waliokuja kutoka Siakago walitazamana. Mmoja akaniuliza kwa Kimbeere kama yule ni mtu wa kanisa au ni fundi aliyekuja kudai kazi ya plasta. Tuliimba nje, mvua ikatunyeshea, na sijawahi kusikia mazishi yaliyoimbwa vizuri kama yale. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kumweleza mtu huyu. Alikuumiza, na jambo lenyewe likatoka zuri, nawe ukabaki hujui uanzie wapi kulalamika.

Mimi ni mzee wa kanisa, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Sisemi hivyo kwa mdomo tu. Mke wangu, Mama Kendi, aliacha shule darasa la nne. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma muziki, akimwandikia do re mi nyuma ya kalenda kuukuu, jioni baada ya jioni, bila kuchukua hata kikombe cha maharagwe. Kwa miaka ishirini na sita Mama Kendi aliongoza sauti ya kwanza. Watu walikuja kanisani kwetu kutoka mbali kumsikia, wakidhani wamekuja kusikia mahubiri.

Lakini huyo huyo alikuwa na mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu. Ijumaa kabla ya sikukuu kubwa alipanga kwaya mstari mmoja, akapita nyuma ya kila mtu akisikiliza shingo yake, na aliyemwona dhaifu alimwekea punje moja ya njahi mkononi. Maana yake ilikuwa wazi kwetu sote. Jumapili utavaa joho, utasimama na wenzako, na ile njahi itakuwa chini ya ulimi wako. Utafungua mdomo na kuufunga, na hutatoa sauti. Mimi nimekula njahi hiyo Pasaka tatu. "Nyinyi watu wa Mbeere," aliniambia, "mnaimba kama mtu anaita mbuzi. Mbuzi wenyewe hawaji." Watu walicheka, nami nilicheka. Mzee mmoja wa besi aliimeza yake katikati ya ibada akaanza kukohoa, na Mwalimu akaendelea kupunga mkono bila kugeuka.

Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia. "Mungu amekusamehe, mimi bado." Hilo lilikuwa la kila siku. La siku mbaya lilitegemea mtu. Kulikuwa na mjane aliyerudi mazoezini wiki tatu baada ya kumzika mumewe. Mwalimu alimsimamisha mbele ya wote akasema, "Tangu mzee wako afe umeanza kuimba puani. Msibani ni sawa. Hapa tuna Krismasi." Mama yule hakurudi tena kwenye kwaya. Alihamia kanisa lingine, na siku hizi akikutana nami sokoni ananiuliza, "Yule wenu bado yuko hai?" Nikimjibu yuko, anasema, "Sawa, Mungu ni mvumilivu," kisha anaendelea kuchagua nyanya.

Malalamiko yalipozidi, baraza la wazee lilimstaafisha. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea barua. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akasema, "Nani ataongoza?" Nikamtajia kijana mwenye kinanda cha umeme na spika mbili kubwa. Akatikisa kichwa polepole. "Basi mmeamua kupiga kelele," alisema, na hakutia mguu kanisani mwetu kwa mwaka mzima.

Wakati huo ndipo alipoanza kujenga studio.

Nyumba yake iko Kaaga, na nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba cha mawe alichowekea mahindi na wakati mwingine ndama. Alikisafisha, akakipiga sakafu ya simiti, akaweka kompyuta na maiki aliyoletewa na mwanawe. Alisema atarekodi nyimbo za zamani, zile tulizofundishwa na akina mama wa kwanza wa kanisa, kabla wanaozijua hawajaisha. Na wa kwanza kurekodiwa, alisema, ni Mama Kendi. Alikuja nyumbani kutuambia hivyo. Alipiga kofi lake sebuleni, akakaa, akanywa chai vikombe viwili. Mke wangu alifurahi kama msichana aliyeposwa.

Alikuwa na uvimbe shingoni, Mama Kendi, wa miaka mingi, wa aina ambayo mama zetu wengi wa huku juu huwa nao. Aliufunika kwa kitambaa na hakuutaja. Mwaka huo ukaanza kumbana. Akilala chali alikosa pumzi. Daktari aliupapasa, akampiga picha ya shingo, akatueleza bila kuzunguka kwamba ni lazima utolewe. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, alisema, umepita pale pale. Sauti inaweza kubaki, na inaweza kwenda. Tulipewa tarehe, wiki kumi mbele.

Njiani kurudi mke wangu hakulia. Alisema, "Nataka niwaachie watoto wa Kendi nyimbo nne kati ya zile za zamani. Wako mbali, hawajawahi kunisikia nikiimba. Sitaki wanijue kwa picha tu. Kwa picha mimi ni mnene."

Binti yetu Kendi alipopata habari alipiga simu usiku huo huo. "Mama, si uimbe tu kwa simu ya Baba? Dakika kumi, imeisha. Atume."

Mke wangu alimwambia Mwalimu. Alichojibu Mwalimu nilikisikia kwa masikio yangu. "Simu? Miaka ishirini na sita nimeiandaa hiyo sauti, halafu uimwage kwenye simu? Nipe wiki mbili chumba kiwe tayari."

Mama Kendi aligeuka kunitazama, akingoja nitasema nini. Nilisema, "Tumngojee Mwalimu. Anajua kazi yake."

Alianza na trei za mayai. Kila mtu hapa Meru anayefungua studio huanza na trei za mayai, na ukiuliza kwa nini, anakuambia ameona kwa mwingine. Waimbaji wake wa zamani, hata waliokula njahi, walimletea trei kutoka kwa wafugaji wa kuku na kutoka hotelini. Alizibandika ukuta wote na dari. Jumamosi alituita. Akapiga kofi. Chumba kikajibu, kwa sauti ndogo kidogo kuliko ya mwanzo, lakini kikajibu. Kisha kengele ya shule iliyo karibu ikalia, ikaingia ndani kana kwamba ukuta haupo.

"Imba mstari mmoja," akamwambia mke wangu. Akaimba. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Bado."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na meza. Taa ndogo nyekundu ya maiki haikuwa imewaka.

Wiki ya tatu trei zilianza kunuka, na mende wakazipenda. Alizing'oa akazichoma shambani. Akaleta sponji. Hakuwa na pesa za kununua sponji mpya, kwa hiyo alikata magodoro ya nyumbani kwake, likiwamo la kitanda chake na mkewe. Mkewe ana ugonjwa wa mgongo. Nilimkuta jikoni akijinyoosha, amejishika kiuno, akaniambia, "Baba Kendi, ukitaka kulala vizuri hapa kwetu, geuka uwe ukuta."

Nilimwendea Mwalimu nikamwambia jambo hilo si jema. "Mgongo wake ni wa tangu zamani," alinijibu. "Huu mwangwi ni wa leo."

Sponji ilimeza sauti za juu, zile za s na sh, lakini sauti nzito zilibaki zikizunguka kwenye kona kama nyuki ndani ya kibuyu. Mama Kendi akaimba mstari wake wa Jumamosi. "Sasa unaimba kama mtu aliyefunikwa gunia," alisema Mwalimu. "Bado." Nilitazama taa. Haikuwa imewaka. Tulipofika nyumbani mke wangu aliuliza kama tujaribu tu na simu, na mimi, Mungu anajua nilikuwa na nia njema, nilimwambia wiki moja haina neno.

Kisha Mwalimu akataka mablanketi. Si haya mepesi ya dukani. Alitaka yale mazito ambayo mama hupewa na wakwe siku ya mahari ya binti yake. Kwetu blanketi hiyo haitandikwi hovyo. Mama huiweka sandukuni, akaitoa akitembelewa na wakwe au akiugua sana. Mke wangu aliitoa ile ya Kendi, ya kijivu yenye mistari ya buluu, akaikunja vizuri, akambebea yeye mwenyewe. Mwalimu aliipigilia misumari ukutani pamoja na nyingine tano. Jumamosi akapiga kofi, akasikiliza, akasema blanketi iliyobanwa ukutani haina faida, ni kama kuvalisha jiwe fulana. Aliing'oa. Juma lililofuata niliiona ile ya kijivu imekunjwa chini ya mlango kuziba upenyo, na alama za viatu juu yake.

Mke wangu naye aliiona. Aliiruka akaingia ndani kuimba mstari wake.

Aliyemtoa Mwalimu gizani alikuwa fundi cherehani wa Majengo, mzee wa Kiislamu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyewahi kutushonea majoho. Tulimpelekea mapazia mazito ya kushona, Mwalimu akaanza kulalamika juu ya chumba chake. Mzee yule alimsikiliza, sindano mdomoni, kisha akaitoa.

"Ingia stoo yangu," alisema. "Ongea."

Stoo ilikuwa imejaa magunia ya vipande vya vitambaa, vile vinavyobaki fundi akikata nguo, kutoka sakafuni hadi bati. Tuliingia katikati ya magunia. Mwalimu akapiga kofi. Nilikuwa naye bega kwa bega, na nakuambia kofi lile lilikufa mkononi mwake. Alipotoka macho yake yalikuwa na maji.

"Mimi hata adhana siisikii nikiwa humo," alisema fundi. "Saa ya sala naambiwa na tumbo."

Kuanzia siku hiyo Mwalimu alijua anachotafuta, na lazima niseme ukweli, alikijua vizuri. Alinieleza nikaelewa hata mimi. Kuzuia kelele ya nje ni kazi ya uzito, ndiyo maana akabadilisha mlango akaweka wa mbao nene usio na upenyo. Kumeza sauti ya ndani ni kazi ya nyuzi, nyuzi nyingi, nene, zenye hewa kati yake. Alitengeneza fremu za mbao, akazijaza vitambaa, akazisimamisha shubiri moja kutoka ukutani ili sauti iingie mbele na nyuma, na kwenye kona akaweka nene mara mbili kwa ajili ya besi. Angeweza kumaliza kwa siku tano. Lakini hakutaka nailoni. Alitaka pamba na sufu peke yake, na vipande vya Majengo vimechanganyika. Kwa hiyo waliitwa akina mama wachambue, kipande kwa kipande, wakivipima kwa vidole.

Mke wangu alichambua pamoja nao wiki mbili. Vumbi la vitambaa lilimkalia kooni, akawa anatoka nje kukohoa, mkono shingoni, kisha anarudi.

"Mwalimu," alimwambia siku moja, "nina siku kumi na moja."

Hakuinua kichwa. "Nimengoja sauti yako miaka mingapi? Kumi na moja ni nini?" Kisha akaokota kipande kwenye rundo lake. "Hii ni nailoni. Koo linauma au macho?"

Mmoja wa akina mama akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, kwamba huyu mtu akifika mbinguni atawapa malaika njahi. Walicheka kidogo. Mke wangu pia alicheka, kisha akatoka kukohoa.

Usiku huo alinitazama akanipa simu yangu mkononi. Nilimwambia, "Tumefika mbali hivi. Siku chache tu." Nikaomba naye, nikamwomba Mungu atupe subira. Yeye aliitikia amina.

Siku moja kabla ya kulazwa, Mwalimu alituita. Kona mbili bado hazijafunikwa, alisema, lakini basi. Mama Kendi alikaa kwenye stuli, akaweka kitambaa chake kando, na taa nyekundu ikawaka. Aliimba nyimbo zote nne. Pumzi ilikuwa fupi. Mara nyingine alivuta hewa katikati ya neno, na kulikuwa na mkwaruzo mdogo kila alipopanda juu. Mimi sijawahi kusikia kitu kilichonigusa vile. Mwalimu hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, alizima taa, akavua visikilizi vya masikioni, akasema, "Nitaisafisha. Mtachukua mkirudi."

Njiani mke wangu alilia kwa furaha. "Umesikia?" aliniambia. "Hakusema bado."

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Namshukuru Mungu kwa maisha yake. Nimemshukuru kila asubuhi tangu siku hiyo na sitaacha. Uvimbe ulitoka wote. Sauti haikubaki. Daktari alitupa mazoezi, tukayafanya miezi minane, na kilichopatikana ni mnong'ono, hewa yenye maneno ndani yake. Jikoni sufuria ikichemka simsikii.

Miezi hiyo yote nilimpigia Mwalimu simu kuulizia nyimbo. "Bado naisafisha," alisema. Mwishowe akasema tuje.

Alikuwa amezeeka. Alitembea akijishikilia ukutani, lakini alitufungulia ule mlango mzito kwa mikono yake mwenyewe. Fremu zote zilikuwa zimefunikwa kitambaa cha rangi ya udongo, kila kona imejaa. Mlango ulipofungwa nyuma yetu, kelele za wanafunzi zilikatika, nikaanza kusikia damu ikipiga masikioni mwangu. Alimketisha mke wangu kwenye stuli.

"Ongea kitu, Mama Kendi."

"Niongee nini?"

"Chochote."

"Tumekuja kuchukua nyimbo," alisema.

Mwalimu alinigeukia, uso wake umejaa nuru. "Umesikia? Sauti kama hiyo, ambayo karibu haipo, na kila neno limefika. Hapo mwanzo ungepata upepo tu. Sasa ndiyo chumba." Akapapasa fremu iliyo karibu naye kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Sasa ndiyo chumba."

"Nyimbo," mke wangu alisema.

"Nilizifuta."

Nilidhani sikusikia vizuri, lakini katika chumba kile hakuna kitu usichosikia vizuri.

"Lini?" nikauliza.

"Siku ile ile. Nyinyi hamjafika barabarani." Alisema hivyo bila hasira na bila aibu, kama anavyosema mtu aliyeng'oa magugu. "Alikuwa anavuta hewa katikati ya maneno. Uvimbe ulisikika kwenye kila noti. Hicho si kitu cha kuachia wajukuu."

"Zilikuwa zangu," alisema mke wangu.

"Zilikuwa mbaya, Mama."

"Hata kama."

"Mimi siweki kasoro," alisema Mwalimu. "Unanijua. Kama ni za kuwekwa, ningeziweka." Kisha akanigeukia tena, na kwa mara ya kwanza nikaona amechoka. "Baba Kendi, wewe ni mzee wa kanisa. Tuombee kabla hamjaenda. Kichomi kinanisumbua."

Niliomba. Nilimshukuru Mungu kwa karama aliyompa, kwa madaktari, kwa kutufikisha leo. Nilimwombea kifua chake. Ni maombi marefu kuliko yote niliyowahi kuomba, kwa sababu sikujua nitafanya nini nikimaliza. Mwalimu alisema amina. Upande wa mke wangu sikusikia kitu, na hakuna sauti ambayo ingepotea mle ndani.

Tulitoka. Wanafunzi walikuwa wanacheza mpira, wanapiga kelele, lori linapanda mlima kwa gia ndogo. Mke wangu alinivuta mkono wa koti. Nikainama mpaka sikio langu likawa mdomoni mwake.

"Yeye amefuta," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia nisubiri."

Kisha akanishika mkono, kwa sababu kulikuwa na matope, tukateremka.